Kongosho lililovimba si hukumu ya saratani

Mtu akiambiwa kongosho lake, kiungo cha nyuma ya tumbo kinachosaidia kusaga chakula, lina uvimbe sugu (yaani limefura kwa muda mrefu, si kwamba lina kivimbe cha saratani), swali linalofuata huwa moja: basi itageuka saratani? Wapo wanaojibu ndiyo harakaharaka, na hoja wanayo. Seli zinazojeruhiwa na vimeng'enya (kemikali za kusaga chakula) vya kongosho lenyewe, zikafa na kuzaliwa upya mwaka hadi mwaka, hupata nafasi nyingi za kukosea. Katika panya wa maabara wenye hitilafu ya jeni ya KRAS, kuvimba kwa kongosho huichochea saratani waziwazi.

Ila tazama takwimu hizi. Uchambuzi wa mwaka 2017 uliojumlisha tafiti kadhaa ulikuta kwamba miaka 2 baada ya uvimbe sugu kugunduliwa, hatari ya saratani ni kama mara 16 ya ile ya watu wengine. Baada ya miaka 5 ni mara 8. Baada ya miaka 9 ni mara 3.5 hivi. Kama kuvimba ndiko chanzo cha yote, mbona hatari hiyo inashuka badala ya kupanda? Jibu lililo karibu zaidi ni kwamba baadhi ya wagonjwa wa mwanzo walikuwa na saratani tayari. Kivimbe kidogo cha saratani kiliziba mfereji, majimaji ya kongosho yakakosa pa kutokea, kongosho likavimba, na kuvimba ndiko kulikoonekana kwanza. Tena hata katika hizo mara 3.5, sigara ina mkono wake.

Utafiti wa mwaka 1993 uliofuatilia wagonjwa 2,015 katika nchi 6 ulikadiria kwamba ndani ya miaka 20 ni asilimia 4 tu watakaopata saratani. Kumtisha mgonjwa kwa "mara 16" bila kumtajia hiyo 4 ni kumwonea.

Wenye uvimbe wa kurithi, hasa kupitia jeni ya PRSS1, ni habari nyingine: kwao hatari imewahi kukadiriwa kufikia asilimia 40 kufikia umri wa miaka 70, na sigara huiongeza maradufu. Hao wafuatiliwe kwa karibu.

Ninayemhofia zaidi ni mtu mzima anayepatwa na shambulio la kwanza la kongosho kuvimba ghafla, bila mawe ya nyongo wala pombe kuwa chanzo, akapewa dawa ya maumivu na kuruhusiwa. Huyo apigwe CT (picha ya ndani ya mwili), na uvimbe ukipungua apigwe tena, kwa sababu kongosho lililofura huweza kuficha kivimbe.