Nani aamue besi ya namba: kompyuta au mwandika programu?

Tuseme karani wa chama cha ushirika kule Hombolo anapokea zabibu na kuandika uzito wa kila kreti kwa tarakimu tatu: 010, 025, 089. Jioni faili linatumwa Dodoma mjini, na programu inageuza kila stringi, yaani mfuatano wa herufi au tarakimu zilizoandikwa kama maandishi, kuwa namba kamili ili mkulima alipwe. Hapo lazima ijulikane besi, yaani idadi ya tarakimu zinazotumika kuhesabia: ya kawaida ni 10, kuanzia 0 hadi 9. Kama programu hiyo imeandikwa kwa lugha ya C, na strtol, fanksheni yake ya kugeuza stringi kuwa namba, imepewa besi 0, yaani ijitambulie besi yenyewe, sifuri ya mwanzo itachukuliwa kuwa alama ya besi ya 8. Kilo 10 zitasomwa 8, na kilo 25 zitasomwa 21. Ile 089 itatoa 0, kwa kuwa 8 si tarakimu ya besi hiyo, hivyo usomaji unakomea kwenye sifuri. Asipokuwepo mtu wa kukagua usomaji umeishia wapi, mkulima anapunjwa na hakuna ujumbe wowote wa kosa.

Hata hivyo, wanaotetea kompyuta kujitambulia besi si watu wa kupuuzwa. Besi ya 8 ilizoeleka tangu enzi za kompyuta za zamani kama PDP-7, iliyohesabu kwa biti 18 (biti ni 0 au 1); tarakimu moja ya besi ya 8 ni biti tatu, na 18 inagawanyika kwa 3. Hadi leo ruhusa za mafaili kwenye Linux zinapangwa kwa biti tatu tatu: kusoma, kuandika, kuendesha. Chukua ruhusa "755", iliyoandikwa kwa besi ya 8, uigeuze kuwa ya besi ya 10. Unaanza na 7, unazidisha kwa 8 na kuongeza 5, unapata 61. Unazidisha tena kwa 8 na kuongeza 5, unapata 493. Hakuna fundi anayetaka kuandika 493, kwa sababu ndani yake haoni tena nani karuhusiwa nini. Anwani za kumbukumbu na rangi za kurasa nazo zinasomeka vizuri zaidi kwa besi ya 16. Ukimlazimisha fundi aandike kila kitu kwa besi ya 10 kwenye faili la mipangilio, atalazimika kupiga hesabu pembeni, na makosa yataanzia hapo.

Kwa hiyo jambo la kutazama ni nani aliyeandika ile stringi. Fundi anajua 0x, alama ya mwanzo ya namba ya besi ya 16, ina maana gani. Karani, mwalimu anayejaza namba za watahiniwa, au mama anayejaza fomu kwenye simu pale Majengo hajui, wala hapaswi kujua. Kwake sifuri ya mbele ni ya kujaza nafasi tu.

Wenye lugha za programu wenyewe wamelitambua hili. Zamani parseInt, fanksheni ya kugeuza stringi kuwa namba katika JavaScript, lugha ya kurasa za wavuti, isipotajiwa besi, ilisoma "08" na "09" kuwa 0 katika vivinjari vingi, na fomu za tarehe zikaharibika ikifika Agosti na Septemba. Toleo la 2009 la kanuni za lugha hiyo likapiga marufuku tafsiri hiyo, ingawa "0x" bado inatambuliwa. Lugha ya Python 3, iliyotoka 2008, mimi naiona imefanya vizuri zaidi: int("010") inatoa 10, na ukiiambia ijitambulie kwa int("010", 0), inakataa na kutoa kosa badala ya kubahatisha.

Wapo wanaosema basi tatizo limekwisha, kuandika besi ni kujichosha. Sikubaliani nao. Kijana anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) leo anaandika Python darasani, C kwenye kifaa cha vipimo na JavaScript kazini, na kila moja ina kanuni yake. Kuandika 10 waziwazi kunamwondolea msomaji wa programu ile mzigo wa kukumbuka.

Lakini kuna namba ambazo hata besi sahihi haiziokoi. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20 na inaanza na mwaka wa kuzaliwa, 19 au 20. Namba kamili kubwa kuliko zote ya biti 64 ni 18,446,744,073,709,551,615, kwa hiyo NIDA ya mtu yeyote inaizidi. Kwenye JavaScript, ukishapita 9,007,199,254,740,991 tarakimu za mwisho zinaweza kukadiriwa kimyakimya, na watu wawili waliozaliwa siku moja wakajikuta na kitambulisho kimoja. Hiyo isigeuzwe kabisa: safu yake kwenye hifadhidata iwe ya maandishi, na ukaguzi uwe kwamba ni tarakimu tupu na zimetimia 20.