Hip Hip, Halafu?

Kuna watu wanajua kufurahi. Wanacheka, wanapiga makofi, wanakumbatiana, yamekwisha. Halafu kuna watu wa "hooray", ile shangwe ya Kiingereza. Hawa furaha yao lazima iwe na msimamizi. Mmoja ajitokeze, anyanyue mkono, aseme "hip hip", na nyie wengine mjibu "hooray" kwa pamoja. Mara tatu. Si mbili, si nne. Hiyo jamani ni furaha au gwaride?

Na anayejitokeza ni yuleyule kila siku. Bosi hajamaliza kutangaza kwamba mwenzetu kapanda cheo, jamaa keshasukuma kiti nyuma, keshasimama. "Hip hip!" Ya kwanza hujibiwa na wawili watatu, tena kwa kushtukizwa, inatoka kama mlio wa mtu aliyekanyagwa kidole. Ya pili angalau tumeamka. Ya tatu ndiyo inapamba moto kweli, na hapohapo ndipo inapotakiwa kuisha! Lakini kuna mmoja kule nyuma, hesabu imempita kushoto, anapiga ya nne peke yake, kwa nguvu zake zote, mikono juu. Chumba kizima kimya. Watu wanakagua viatu vyao. Aliyepanda cheo keshasahaulika, huruma yetu yote iko kwa yule wa ya nne.

Halafu hiyo "hip" yenyewe usianze kuitafuta kwenye kamusi, utaambiwa ni nyonga. Nyonga nyonga, hooray! Kumbe nyonga haimo kabisa, ni mlio tu wa kuwashtua watu wajiandae.

Lenyewe neno "hooray" ni zee. Kabla yake Waingereza walikuwa wakisema "huzza", tangu karne ya 16, na waandishi wao wa zamani walidai ni kelele za mabaharia. Mwishoni mwa karne ya 17 ikaingia "hurrah", ndipo baadaye tukapata hizi za leo. Wajerumani nao wana "hurra". Warusi wana "ura", na wao hawakuiweka kwa ajili ya keki na mishumaa, askari wao walikuwa wakiipiga huku wakimkimbilia adui. Sasa wewe pima. Sauti ambayo mtu aliitoa akiuendea mzinga mbiombio, mimi naandikiwa na watu wa utumishi kunijulisha kwamba fomu mpya ya kuomba likizo iko tayari. Hooray! Fomu ina kurasa zaidi ya ile ya zamani.

Tahajia ndiyo usiseme. Hurrah, hurray, hooray, zote halali, chagua mwenyewe. Furaha inakujia, unashika simu umpongeze mtu, unaanza kujiuliza ni o mbili au u moja, r ngapi, mpaka unamaliza kusahihisha furaha imeshapoa na mwenye sherehe kalala. Vijana walioona mbali wakahamia kwenye "yay". Herufi tatu, haina kiongozi, haina hesabu, unaisema hata ukiwa umelala kwenye kochi. Siwalaumu.

Waingereza wenyewe nadhani walishalichoka. Wana jina "Hooray Henry" la kumwita kijana wa kitajiri mwenye makelele mengi na akili ya kubahatisha. Ukiona watu wamechukua neno lao la shangwe wakamtukania mtu, ujue kuna kitu wamekiona.

Lakini vyote hivyo navumilia. Kinachoniua ni ile "hooray" ya kejeli. Ukiisikia kwa mdomo unaijua. Inaburutwa, imenyooka, haipandi wala haishuki, na anayeisema kanuna. Kwenye maandishi je? Mtu kanuna, mtu kafurahi, herufi ni zilezile!

Juzi bosi katuandikia kundini kwamba kikao cha Ijumaa kimesogezwa Jumamosi asubuhi, na anahitaji mtu wa kuwahi kupanga viti. Nikajibu neno moja: hooray. Herufi ndogo, nukta mwishoni. Nukta! Kuna mtu duniani anayeshangilia kwa nukta? Bosi akaweka dole gumba, akaandika kwamba amefarijika sana kuona bado kuna wafanyakazi wenye moyo, basi viti nimeshavipata, na kama nitaweza nipitie pia ufunguo kwa mlinzi.

Wenzangu wakaamka wote kwa mpigo. HOORAY, HOORAY, HOORAY, herufi kubwa, alama za mshangao zimejipanga mpaka mwisho wa kioo, mmoja kaongeza na tarumbeta. Hizo nilizielewa vizuri sana, wala sikumuuliza mtu.