Koum alipitia Yahoo; kijana wa Mbeya atapitia wapi?

Kila anayetumia WhatsApp, awe sokoni Mwanjelwa au mashambani Kyela, anatumia kazi ya mtu aliyekulia kwenye dhiki. Jan Koum alizaliwa Ukraine, akahamia California na mama yake mwaka 1992, wakaishi kwa msaada wa chakula wa serikali. Elimu ya mitandao ya kompyuta aliipata mwenyewe: alinunua vitabu vilivyokwishatumika, akavisoma, akavirudisha dukani. Mwaka 2009 alianzisha WhatsApp, na mwaka 2014 Facebook ikakubali kuinunua kwa dola bilioni 19.

Kwa vijana wa huku kwetu wanaojifundisha kuandika programu, habari kama hii ni ushahidi kwamba chuo si lazima. Wazazi wanajibu: Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, kiko hapo Iyunga, kasome kwanza, mengine baadaye. Kila upande una hoja, ila kuna kipande cha njia ambacho wote wanakiruka.

Tuanze na vijana. Ufundi huu kweli uko wazi. Python, lugha ya kuandikia programu, haiuzwi, na tovuti ya freeCodeCamp inafundisha bure tangu 2014 bila kumdai mtu cheti. Programu ikikubali imekubali, awe ameiandika mhitimu au kijana aliyeishia kidato cha nne. Kwa familia inayoishi kwa viazi vya Umalila, chuo maana yake ni ada, chumba cha kupanga na chakula cha miaka kadhaa. Kumwambia mtoto wa nyumba hiyo asubiri chuo ndipo aguse kompyuta ni kumfungia njia pekee aliyo nayo.

Lakini masomo ya bure yana bei yake. Kuna laptopu, bando, umeme. Na kuna Kiingereza, ambacho hatukipi uzito unaostahili. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anakuta maelezo karibu yote yameandikwa kwa Kiingereza, hivyo anajifunza vitu viwili kwa wakati mmoja. Wanaoachia njiani huitwa wavivu. Si haki.

Wazazi nao hawajakosea kuhusu cheti. Nafasi nyingi za serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira, na huko vyeti ndivyo vinavyoangaliwa mwanzo. Asiye navyo hafiki kwenye usaili, hata awe na uwezo gani.

Sasa kile kipande kinachorukwa. Kati ya vile vitabu na WhatsApp, Koum alifanya kazi Yahoo, kampuni ya intaneti, kwa takriban miaka tisa, hadi 2007. Huko ndiko alikokutana na Brian Acton, aliyekuja kuwa mwenzake. Huko ndiko alikoweka akiba. Hata dola 250,000 za mtaji wa mwanzo zilitoka kwa marafiki waliowahi kufanya kazi Yahoo. Ukiiondoa Yahoo, sioni WhatsApp ingetokea wapi.

Kijana wa Mbeya hana Yahoo. Anatoka kwenye video za mafunzo na kwenda moja kwa moja kufungua kampuni. Anatengeneza mfumo wa kuuza parachichi za Rungwe bila kuwahi kukaa na karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, akaona uzito unavyoandikwa daftarini, na bila mtu mzoefu wa kumwonya kwamba umeme ukikatika kumbukumbu zitapotea. Kampuni ikianguka, mwenye kwao pa kurudi anapata funzo. Kijana huyu anabaki na deni la kikoba.

"Aende Dar," nitaambiwa. Anayeweza aende, kampuni nyingi ziko huko. Ila nafasi zipo hapa hapa pia: SACCOS, AMCOS za kahawa za Mbozi, hospitali za misheni, shule binafsi. Wote wanatunza kumbukumbu, na wote wanahitaji mtu wa karibu anayepokea simu mfumo ukikwama. Wamchukue kijana mmoja kwa mwaka, kwa ujira, akae meza moja na mhasibu. Hatari yake naijua: anaweza kugeuzwa mtu wa kurekebisha printa huku akilipwa nauli tu. Kwa hiyo mkataba utaje kazi atakayoifanya na mtu atakayemsimamia.

Na cheti je? Kwa mafundi wengine VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ilishapata jibu. Waashi, maseremala na makanika waliojifunzia mtaani hupimwa kwa vitendo, ujuzi wao ukarasimishwa, wakapewa vyeti. Mwandishi wa programu aliyejifundisha ni fundi wa aina hiyo hiyo. Apewe mfumo mbovu aurekebishe mbele ya wapimaji, na akifaulu apate karatasi inayotambulika kwa waajiri. MUST ina walimu wa kompyuta na ina maabara. Upimaji huo ungeweza kufanyika pale pale Iyunga.