Helmeti si sare ya shule

Mzazi wa Kenya akienda kununua sare ya shule hununua kubwa ili mtoto aikue. Mwaka wa kwanza sweta inafika karibu na magoti, mwaka wa tatu inakaa vizuri, baadaye mdogo wake anairithi. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba tumeihamishia kwenye helmeti za baiskeli, tena si za watoto peke yao. Simama Jumamosi asubuhi kwenye barabara ya kutoka Nakuru mjini kupanda kreta ya volkano ya Menengai uwaangalie waendeshaji wakipita. Baiskeli ya bei, miwani ya bei, halafu helmeti imelalia kisogoni, paji la uso lote liko nje, na mkanda wa kidevuni umelegea hadi ngumi inapita.

Mimi nasema hivi: kama pesa zako ni za kuhesabu, zitafutie helmeti inayokukaa kichwani kwanza. Jina la kampuni, rangi na mambo ya teknolojia yasubiri.

Ndani ya helmeti ya maana utakuta kibandiko cha EN 1078, kiwango cha Ulaya, au CPSC cha Marekani. Watu wakikiona wanatulia. Lakini angalia kinavyopatikana. Katika jaribio la EN 1078, helmeti huvishwa kichwa bandia cha saizi yake, ikakazwa vizuri, kisha ikaangushwa kutoka kimo cha kama mita moja na nusu juu ya chuma bapa, na mshtuko unaokifikia kichwa hicho hautakiwi kuzidi g 250, yaani mara 250 ya mvutano wa dunia. Hakuna aliyekivisha kile kichwa bandia kwa mtindo wetu wa kisogoni. Lile povu gumu la ndani hufanya kazi kwa kubondeka: linabondeka lenyewe ili fuvu lisibondeke. Sasa litafanyaje kazi hiyo kama wakati wa pigo limeshateleza nyuma, na kinachokutana na jiwe ni paji la uso?

Na mawe ya Menengai tunayajua. Sakafu ya kreta ni lava iliyoganda, nyeusi, yenye kingo kali, na vijia vyake vina changarawe inayokimbia chini ya gurudumu. Si lazima uwe kwenye mteremko ndipo uanguke. Wengi huanguka wakipanda polepole: gurudumu la mbele linanyanyuka, mguu unachelewa kushuka, mtu anakwenda ubavu au chali. Ndiyo maana helmeti za milimani hushuka chini zaidi kisogoni na kwenye mapanja kuliko za mbio za barabarani. Zile za kufunika uso mzima waachie wanaoteremka kwa kasi kubwa. Kwa joto la Kisumu utazivua kabla hujafika kilima cha Riat.

Kabla ya kwenda dukani, azima futi ya fundi cherehani. Izungushe kichwani sentimita mbili hivi juu ya nyusi, ipite pale kisogo kinapotokeza zaidi, uandike namba. Herufi M peke yake haikuambii kitu. Kwa kampuni moja ni sentimita 55 hadi 59, kwa nyingine ni vipimo vingine. Halafu kuna umbo, ambalo futi haipimi. Kuna vichwa virefu na kuna vya mviringo, na helmeti inayombana mwenzako kwenye mapanja inaweza kukukaa wewe bila shida yoyote.

Dukani, ivae ikiwa imelala sawa, ukingo wa mbele ukiwa vidole viwili juu ya nyusi. Usifunge mkanda bado. Kaza kile kigurudumu cha nyuma kidogo, kisha inama utazame viatu vyako na utikise kichwa. Ikianguka, rudisha. Ikibaki, ishike kwa mikono miwili uizungushe kushoto na kulia: ngozi ya paji la uso inatakiwa ivutwe pamoja nayo. Ikizunguka huku ngozi imetulia, hiyo ni kubwa, na usikubali muuzaji akuongezee sponji. Sasa funga mkanda. Kamba mbili za kila upande zikutane chini kidogo ya sikio, na chini ya kidevu ipite nafasi ya kidole kimoja au viwili. Piga mwayo mkubwa. Helmeti ikikuvuta utosini, umefunga vizuri.

Jambo ambalo miongozo mingi hulipita ni nywele zetu. Dada mwenye nywele za kusuka amezibeba juu kwa fundo hawezi kuvaa helmeti yoyote ikakaa. Itabaki imeelea juu. Mistari, au twende kilioni, ndiyo rafiki wa helmeti. Nywele ndefu zifungwe chini shingoni. Jipime na mtindo unaoendeshea baiskeli, na ukiubadilisha, kaza au legeza upya. Wanaojifunika wachague kitambaa chembamba kisicho na pini wala fundo kisogoni.

Kuhusu mitumba nitawaudhi wengine. Soko la Kibuye, Kisumu, nanunua suruali, viatu, hata begi la baiskeli. Helmeti hapana. Povu likishabondeka au kupata ufa halirudi, na ganda la nje linaweza kung'aa kama kawaida. Kama huna namna nyingine, toa sponji zote, ikague mwangani ukitafuta nyufa za nyuzi, na usome kibandiko cha tarehe ya kutengenezwa. Ila hakuna atakayekuambia mwenye kwanza aliangukaje. Helmeti ya mjengo nayo isahau kabisa, imeundwa kwa ajili ya vitu vinavyoanguka kutoka juu.

MIPS, lile tabaka jembamba la ndani, mara nyingi la njano, lilianzia Uswidi, na kazi yake ni kuacha helmeti iteleze milimita chache kichwa kinapopigwa kwa mshazari. Ni wazo zuri. Ukipata mbili zinazokukaa sawa, moja ikiwa nayo, chukua hiyo. Lakini helmeti inayoyumba yenye MIPS sinunui, hata iwe nusu bei.

Wenye maduka nao watusaidie. Nimeambiwa zaidi ya mara moja kwamba helmeti haijaribiwi kwa sababu mafuta ya nywele yatachafua sponji. Sawa, basi wekeni kofia nyepesi za kitambaa pale kaunta, kioo, na futi ya shilingi hamsini. Duka lisilotaka nijaribu, pesa zangu naondoka nazo.