Aliyezaliwa Uchi, na Ujuaji wa Kibanda Umiza

Jumamosi nilikwenda kibanda umiza kutazama Uholanzi, nikarudi na hasira ambazo hazihusiani na matokeo. Nilikaa karibu na jamaa mmoja mjuaji: kila mchezaji akigusa mpira, yeye anafasiri jina. Akafika kwenye hadithi yake kubwa. Eti Napoleon aliwalazimisha Waholanzi wawe na majina ya ukoo, nao wakaona huyu Mfaransa hakai, wakaandikisha upuuzi ili wamcheke. Ushahidi? Kuna ukoo unaitwa Naaktgeboren, "aliyezaliwa uchi". Kibanda kizima kikaangua kicheko.

Haya, amri ilikuwapo, hilo nampa. Ilitoka Agosti 1811, mwaka mmoja baada ya Ufaransa kuimeza Uholanzi. Lakini watu wengi walikuwa na majina ya ukoo tangu zamani. Waliobanwa hasa ni wa sehemu kama Friesland, ambako mtu alitumia jina la baba yake na maisha yakaenda. Na hilo Naaktgeboren lilikuwapo kabla ya amri. Asili yake ni Kijerumani, nachgeboren, aliyezaliwa baadaye: mtoto aliyekuja duniani baba yake ameshazikwa. Waholanzi wakalitamka walivyolisikia, "nach" ikageuka "naakt", na naakt kwao ni uchi.

Basi. Mama kajifungua akiwa mjane, na sisi tunamcheka mwanawe, chipsi mkononi. Sisi! Sisi wenye akina Tabu, Shida, Masumbuko na Sikujua, ambao ukiuliza jina limetoka wapi unasimuliwa mwaka wa njaa au msiba mpaka chai inapoa. Pale kibandani walikuwamo wawili wenye majina ya namna hiyo. Nao walicheka.

Halafu eti "van" ni alama ya ukabaila. Hayo awaulize Wajerumani na "von" yao. Kwa Mholanzi "van" ni "wa" tu, kama tunavyosema Juma wa Mwembeni. Van Dijk ni wa kwenye tuta la kuzuia maji, na matuta ndiyo yanayoifanya nusu ya nchi ile isizame. Van Nistelrooy ni wa Nistelrode, kijiji cha kusini. Tena kwenye orodha ya Kiholanzi, Van Dijk yuko kwenye D. Ukimtafuta kwenye V utakesha, labda uwe Ubelgiji.

Mwishoni akamkumbuka Frank de Boer, akatangaza kwamba jina hilo maana yake ni kaburu. Hapa, kwa shingo upande, nakiri alikaribia: kaburu wetu katokana na huyo huyo Boer, kupitia walowezi wa Afrika Kusini. Ila boer ni mkulima. Frank na pacha wake Ronald ni akina Mkulima, basi. Nilipomwambia hivyo akanitazama kama nimetetea ubaguzi wa rangi.

"Mwalimu," akasema, "tuachie tuone mpira."