Miaka 20 Barabara ya Kilwa, Kilwa Kwenyewe Sijafika

Mimi ni mtu wa Mbagala, mwaka wa 20 huu. Miaka yote hiyo nimepanda daladala Barabara ya Kilwa, nimenyeshewa Barabara ya Kilwa, nimechomolewa simu Barabara ya Kilwa, na zile saa nilizosimama kwenye foleni pale Mtoni kwa Aziz Ali ukizijumlisha, mtu mvivu angeshatembea mpaka Msumbiji akarudi. Sasa juzi binti yangu, yuko kidato cha pili na wanasoma miji ya kale ya pwani, akaniuliza mbele ya mama yake: "Baba, hivi Kilwa kukoje?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Lakini mama watoto alikuwa ameshaguna. Mguno wa mke wangu mfupi tu, "mh", ila ukikuingia usiku hulali. Saa 5 nikiwa macho najigeuza kama chapati, nikachukua simu nikaandika kwenye grupu la ukoo: "Ndugu zangu, mnaonaje tuchague siku moja twende Kilwa Kisiwani tukaone magofu? Twende asubuhi, turudi jioni."

Kwa watu wanaodai wanalala mapema, majibu yalimiminika. Wazo zuri! Tupo! Umechelewa kulisema! Shemeji, kaka wa mama watoto, akaandika: "Mimi niwekee nafasi 3." Kufika asubuhi nilikuwa mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mkuu wa msafara, na hakuna kura iliyopigwa. Ukoo wetu ndivyo ulivyo. Anayetaja jambo, limemwangukia.

Nikaanza na ramani. Hapo ndipo nilipogundua nimejifunga kitanzi. Kutoka Dar mpaka Kilwa Masoko ni kama kilomita 300. Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, unavuka Rufiji, Somanga, unafika Nangurukuru unakata kushoto kwenda baharini. Halafu hujafika, maana Masoko ni bara, magofu yako ng'ambo kisiwani. Ukitaka kwenda na kurudi siku moja, unaondoka saa 9 usiku. Nikaliandika hilo kwenye grupu kwa upole. Wifi akajibu saa 9 usiku ni saa ya wachawi. Bamdogo naye akapata upenyo aliokuwa akiuvizia. Akatuma sauti ya dakika 6 kuhusu zamani, kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, walivyokuwa wakilala Ndundu kusubiri pantoni, mbu wa kule wanene kama kunguru. Nimeisikiliza yote. Mwisho wake hakusema kama anakwenda au haendi.

Ukaja mchango. Nikapiga hesabu ya Coaster, mafuta, dereva, kibali, boti, mwongozaji na chakula, ikaja 65,000 kwa kichwa. Lo! Lile grupu lililokuwa linachemka likapoa kama chai ya msibani. Kwa siku 4 hakuna aliyeandika kitu, isipokuwa binamu mmoja aliyetuma picha ya maua yenye maneno "Jumatano Njema".

Wa kwanza kulipa alikuwa mama mkwe. Alinipa mkononi, kazifungua kutoka kwenye pindo la khanga, noti zimekunjwa mara 4 zinanukia udi. Wa pili bamdogo, kwa simu, 65,000 kamili. Nikampigia: "Bamdogo, na ya kutolea?"

"Ya kutolea nini? Hela imefika nzima. Ukiitoa ikapungua, aliyeipunguza ni nani?"

Nikakosa jibu. Mpaka leo sijalipata.

Shemeji ndiye aliyekuwa hodari wa mawazo. Kwa kuwa tutakuwa tumeshafika, akasema, si tuunganishe na kisiwa jirani cha Songo Mnara? Magofu yake nayo yaliingia pamoja na ya Kilwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 1981. Kumbe anajua mambo! Nikamuuliza mchango wake. Akasema yuko kikaoni. Ilikuwa Jumapili.

Kisha akaibuka na jingine: "Kwani gaidi ni lazima? Mawe yenyewe yamesimama pale pale, hayakimbii, tutayaona tu." Alikusudia mwongoza watalii. Sasa mama mkwe hasomi ujumbe mwenyewe, husomewa na mjukuu, na mjukuu akasoma kama kilivyoandikwa. Saa hiyo hiyo nikapigiwa simu. "Baba, hela yangu naomba urudishe. Mimi na magaidi baharini siendi." Ilinichukua vocha nzima kumweleza kwamba ni kijana mmoja tu wa Kilwa, mpole, kazi yake kueleza wageni historia.

Na huyo kijana, jamani, ndiye mtu pekee katika shughuli hii nzima aliyeniuliza swali la maana. Nilipompigia nikatarajia aanze na bei. Akaanza hivi: "Tarehe hiyo mwezi utakuwa wa ngapi?"

Nikamwambia wa 8, Agosti.

Akacheka. "Mzee, nauliza mwezi wa mbinguni."

Kumbe ukienda mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa ndiyo kwanza umeandama, ni bamvua, na bamvua kule saa 4 asubuhi maji yametoka kabisa. Mashua inakwamia mbali, mnashuka mnatembea kwenye matope na mawe maji yakiwa magotini mpaka nchi kavu. Akaniuliza kama tuna wazee. Nikamfikiria mama mkwe, mwanamke wa haja, mwenye mwili wa heshima, na nikafikiria ni mgongo wa nani utakaoteuliwa. Nikamwambia anitafutie siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kutoka sana. Basi ndiyo hivyo, tarehe ya safari ya watu 22 imepangwa na mwezi, na mimi nikaenda kumweleza bosi kwamba likizo yangu imesogezwa na bahari. Alinitazama kwa muda.

Simu ile ilikuwa ndefu, maana yule kijana ukimgusa tu anafunguka. Akanieleza kibali huchukuliwa Masoko kabla ya kuvuka, hamwezi tu kujipakia kama mnakwenda Kigamboni. Akanieleza lile Gereza mnaloliona kwanza mkikaribia ufukwe. Wareno waliweka ngome pale mwaka 1505 walipouvamia mji, na hii iliyosimama sasa ni ya Waarabu wa Omani waliokuja baadaye. Akasema hata neno lenyewe "gereza" limetoka kwenye neno la Kireno la kanisa. Nikawaza, ndoa ilifungwa msikitini lakini neno hilo nalijua maana yake.

Halafu akafika kwenye Msikiti Mkuu. Ulianza kujengwa karne ya 11, ukaongezwa karne ya 14, nguzo na kuba, vyote mawe ya matumbawe na chokaa. Bila saruji. Bila nondo. Na kuba nyingine ziko juu mpaka leo. Hapo nikanyamaza, maana nilikuwa nimesimama uani naangalia ukuta wa choo changu. Huo umejengwa mwaka juzi, kwa saruji niliyoibeba begani mwenyewe, na una ufa unaoweza kupitisha kiganja. Nilipomwita fundi aje aone, aliinamisha kichwa, akaupapasa ule ufa kama daktari, akasema: "Nyumba inapumua, mzee." Miaka mia ngapi ya upepo wa chumvi na ule msikiti haujapumua?

"Bado hujasikia Husuni Kubwa," kijana akaendelea. Jumba la sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14, juu ya jabali linalotazama bahari. Vyumba zaidi ya 100. Na bwawa la kuogelea la pembe 8.

Nikamwambia arudie.

"La pembe 8, mzee."

Mimi nina vyumba 2 na sebule. Maji huja Jumanne na Ijumaa, yakijisikia. Nina ndoo 6 na pipa moja, na mama watoto anajua kila ndoo ina kina gani kama nahodha. Mtu miaka karibu 700 iliyopita alikuwa na bwawa, tena hakuridhika na pembe 4! Nikamuuliza pesa alizitoa wapi. Dhahabu, akasema. Ya Sofala, kule chini Msumbiji, ilikuwa ikipitia mikononi mwa watu wa Kilwa, na mji ulipiga sarafu zake wenyewe. Nikaona afadhali. Ningesikia ni mshahara ningeumwa.

Kisha akanipa hadithi iliyoniponza kabisa. Mwaka 1331 Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa, akausifu mji kwa uzuri na ujenzi wake, akamkuta sultani huyo huyo, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa jinsi alivyokuwa mkono wazi. Siku moja sultani anatoka swala ya Ijumaa, fakiri mmoja wa Yemen akamsimamisha njiani, akamwomba nguo alizovaa. Hizo hizo za mwilini. Sultani akasema sawa, nitakupa. Saa hii? Saa hii. Akarudi msikitini, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akamkabidhi yule fakiri zile. Mwanawe sultani akaja kuzikomboa nguo za baba yake kwa watumwa 10, na sultani akaongeza wengine 10 na mizigo 2 ya pembe za ndovu. Hilo la watumwa kijana alilisema kwa sauti ya chini, na mimi sikutia neno.

Lakini nikaona silaha nimeipata. Usiku huo nikaliandika grupu, kwa ufasaha, jinsi watu wa Kilwa walivyokuwa wakarimu, jinsi mfalme alivyovua nguo zake kumpa mgeni, na sisi ndugu wa damu 65,000 inatushinda. Nikamalizia na ayah moja na nukta 3. Nikaweka simu chini nikisubiri haya iwashike.

Shemeji ndiye aliyejibu, baada ya dakika 1. "Mashallah. Basi shemeji, kwa kuwa wewe ndiye mkuu wa msafara, wewe ndiye Abu al-Mawahib wetu. Tunakushukuru kwa kutulipia."

Chini yake wakapanga mstari. Ahsante Abu al-Mawahib. Mungu akuzidishie Abu al-Mawahib. Bamdogo, ambaye ameshalipa, akauliza kama ya kwake itarudishwa.

Ilibidi nimpigie kila mtu mmoja mmoja. Wengine wakatoa nusu, wengine wakatoa kuku. Wifi akatoa wazo la fulana, tufanane kwenye picha, za kijani zilizoandikwa "Ukoo Mmoja Kilwa". Nikazilipia kwanza mimi, ili warudishe. Hilo la kurudisha tuliache. Nilichapisha 22, idadi ya waliolipa hata kidogo, na sikuongeza hata moja, kwa makusudi. Nilitaka mtu fulani afike aone wenzake wamevaa.

Siku ikafika. Saa 9 usiku, Coaster inaunguruma mbele ya nyumba, jirani anachungulia dirishani. Mama mkwe amekaa siti ya mbele tangu saa 8, tasbihi mkononi, kapakata sufuria ya pilau. Nahesabu vichwa kwa tochi ya simu. 20, 21, na mimi 22. Nikamwambia dereva twende.

Taa za bodaboda zikatokea kona. Akashuka shemeji, na kofia ya majani, na rafiki zake 2 ambao sijawahi kuwaona maishani. Akanikumbatia. Akapitisha macho kwenye Coaster nzima, kijani kitupu, halafu akayarudisha kwangu, akatulia kifuani pangu, kwenye maandishi. Akapiga goti moja kwenye vumbi la Mbagala, mikono ameifungua, na kwa sauti iliyowaamsha waliokuwa bado wamelala akaita:

"Ya Abu al-Mawahib!"

Coaster nzima ikaitikia. Mpaka dereva, ambaye hata hajui ni nani huyo. Mama mkwe akanitazama kwa yale macho ya kwao, kaka wa mkeo huyo, mbele za watu. Mama watoto akaguna.

Nikaingia nyuma ya mlango wa Coaster, nikaivua.

Mwenzangu kule Kilwa mwanawe alikuja kumkombolea. Wangu alikuwa amewasha kamera, na tulipofika Mkuranga picha ilikuwa ipo kwenye grupu, mimi na singlendi yangu yenye tundu, saa 9 na dakika 20 usiku, Barabara ya Kilwa.