Freddie wa Shangani na Bando Langu

Jamani, mtu kazaliwa hapo Mji Mkongwe, mitaa ambayo mimi naikata kila jioni nikirudi kazini, halafu kumuona akiimba jukwaani iwe kazi ya kunitoa roho?

Namsema Freddie Mercury. Kazaliwa tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, baba yake mtunza fedha wa mahakama enzi za Mwingereza. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza, na huko kijana akaja kuwa mwimbaji wa bendi ya Queen pamoja na Brian May, Roger Taylor na John Deacon. Hayo Unguja nzima inayajua, hata asiyejua wimbo wake mmoja. Makumbusho yake yapo Shangani tangu 2019. Mapapasi, wale vijana wanaowawinda watalii mitaani, nao hawalali: huyu anamsimamisha mtalii mlango huu, "hapa ndipo alipozaliwa", yule anamsimamisha mlango wa pili kwa maneno yale yale. Ukiwafuata wote utaamini mama wa watu alijifungua kwa awamu.

Sasa mimi si mtalii. Picha za ukutani nimeshaziona, zimetosha. Mimi nataka kumuona anatembea, anatokwa jasho, anauendesha uwanja mzima kwa mkono mmoja. Na filamu zake zipo tele, hapo ndipo hasira inaponipanda! Bendi hii imepigwa picha tangu mifuko yao mitupu. Kuna onyesho la Rainbow, London, 1974. Kuna la Hammersmith Odeon, mkesha wa Krismasi 1975, ambalo BBC walilirusha moja kwa moja. Kuna Montreal 1981, kuna Wembley 1986, kuna Budapest mwaka huo huo. Zote zimesafishwa, zimetiwa kwenye diski, zinauzwa. Wapi? Darajani nimepita duka kwa duka, nimerudi na mswaki.

Zamani ungeambiwa nenda sinema. Sinema zenyewe ziko wapi? Majestic pale Vuga, Empire, Cine Afrique, majina hayo leo yamebaki vinywani mwa wazee. Tamasha la ZIFF likija tunakaa Ngome Kongwe tunatazama filamu usiku, upepo wa bahari unatupiga, na kila mara huwa nasema: ukuta upo, watu wamekaa, spika zipo, wanashindwaje kututilia Wembley usiku mmoja tu? Mpaka leo sijajibiwa. Labda kwa sababu ninaowaambia ni wauza urojo wa Forodhani.

Naijua na ile habari ya 2006, sherehe ya kutimia miaka 60 tangu azaliwe ikafutwa kwa sababu kuna jumuiya ya kidini iliyokuja juu. Mimi humo simo. Nataka gitaa tu, hata kwa sauti ndogo.

Ukilia hivyo barazani, mjuaji hakosekani. Pale Jaws Corner, kikombe cha kahawa mkononi, mmoja akanambia: "Freddie mimi nimemuona, muvi nzima, mwanzo mpaka mwisho."

Muvi ipi? Ile Bohemian Rhapsody ya 2018! Ndugu yangu, yule ni Rami Malek. Mmarekani, asili yake Misri, kavalishwa meno ya bandia, kacheza vizuri mno na Oscar ya mwigizaji bora kaondoka nayo, halali yake. Lakini si Freddie. Tena muvi yenyewe imezichezea tarehe. Inakuonyesha bendi imesambaratika, watu wamenuniana, wanakuja kupatana kwa ajili ya Live Aid, lile tamasha la kuwachangia wenye njaa Ethiopia. Wapi! Mei 1985 walikuwa Japan wanamalizia ziara, wote wanne, na Live Aid ni Julai ya mwaka ule ule. Walinuniana saa ngapi?

Nikamweleza yote hayo, nimesimama. Akapiga funda la kahawa, akaniuliza, "Kwani wewe ulikuwepo?"

Nikalipa kahawa yangu nikaondoka. Na yake nikalipa, alisema hana chenji.

Basi, YouTube. Ya bure, wanakwambia. Anayekwambia YouTube ni ya bure anatumia bando la mwenzake. Hata hivyo Live Aid imo humo, tarehe 13 Julai 1985, uwanja wa Wembley, watu elfu sabini na mbili, na sehemu ya Queen ni dakika ishirini na kidogo. Hicho ndicho kipimo cha mfuko wangu. Nikajiunga kifurushi cha wiki, nikaunganisha simu na TV, nikaita nyumba nzima. Mke wangu akaja kwa shingo upande, tamthilia yake ya Kituruki ilikuwa inaanza. Mamkwe akaja na ungo wa mchele, anachagua chuya.

Freddie huyo, anaingia mbio. Singlendi nyeupe, jinzi, mkono wa kulia kafunga kikuku cha ngozi chenye vyuma. Anakaa kwenye piano, na juu ya piano vimepangwa vikombe vya karatasi vya Pepsi.

"Vikombe vyote vile vya nani?" mamkwe akauliza.

"Vya kwao, mama."

"Asije akamwaga kwenye kinanda cha watu."

Freddie akainuka, kashika kile kijiti chake cha maikrofoni, nusu, hakina miguu.

"Kimekatika kile."

"Ndivyo kilivyo, mama. Ndiyo alama yake."

"Watu wote wale wamekuja, hamna hata fundi mmoja?"

Nikanyamaza, maana mimi mwenyewe ni fundi, wa mafriji, na nilijua maneno yanaelekea wapi. Kuna friji lake moja liko kwangu tangu Mfunguo Mosi.

Ikafika Radio Ga Ga. Umati wote mikono juu, makofi mawili kwa pamoja, mikono inanyooka tena. Na mimi nikanyoosha yangu. Ikabaki juu. Kiduara kikatokea katikati ya TV, kinazunguka. Freddie kaganda, mdomo wazi, meno yote ya mbele nje, jicho moja limefumba.

"Kapatwa na nini mtoto wa watu?" mamkwe akaweka ungo chini. Mara ya kwanza kumuonea huruma.

Kapatwa na wajukuu wako, mama! Mmoja yuko chumbani anashusha gemu kwa hotspoti yangu, mwingine yumo kwenye TikTok, wote wawili nimewazaa mimi. Simu ikalia: "Mpendwa mteja, umemaliza kifurushi chako." Mpendwa! Kifurushi cha wiki, kimeishi dakika kumi na mbili, na bado naitwa mpendwa. Kabla sijashusha mikono, rimoti ishatoka mkononi mwangu na Waturuki wanalia kwenye kioo.

Siku hizi nimejifunza kula kidogo kidogo. Chaneli rasmi ya Queen ina vipande vifupi walivyoanza kuvitoa 2021, hamsini kwa jumla, historia ya bendi kwa dakika chache chache. Hivyo nakwenda navyo sawa. Naviangalia kazini kwa WiFi ya hoteli ya jirani, simu nimeiweka ndani ya friji la mteja, nami nimeingiza kichwa humo humo. Mteja anaamini namtafutia gesi inapovujia.

Lakini kipande ni kipande. Mimi nataka makala ndefu, watu wakae chini waeleze. BBC walitengeneza moja 2011, inaitwa Days of Our Lives, sehemu mbili, wanabendi wenyewe wanasimulia. Ipo The Great Pretender ya 2012, inamhusu Freddie peke yake na kazi zake nje ya bendi. Ipo The Final Act ya 2021, siku zake za mwisho, kifo chake tarehe 24 Novemba 1991, mpaka lile tamasha la Wembley la Aprili 1992 la kumkumbuka na kuwaamsha watu kuhusu UKIMWI. Hiyo ilipata tuzo ya Emmy ya kimataifa. Ukitaka kujua yule alikuwa mtu wa namna gani, anza na hiyo, zile za kumsifu tu utazikuta.

Nikaenda kwa yule kijana anayeingiza muvi kwenye flashi. Kijana mwenyewe mchangamfu, kompyuta yake ina kila kitu, cha Korea, cha Nigeria, kilichotafsiriwa na kisichotafsiriwa.

"Nataka Queen," nikamwambia.

"Ipo, mzee wangu. Kali sana hiyo."

Moyo ukanidunda. Flashi mfukoni, nikanunua na njugu. Nyumbani nikachomeka, nikazima taa. Muziki ukaanza, ngoma za harusi, wanawake wanapakwa hina. Nikasema labda ni utangulizi, si familia yake Waparsi, na skuli kasoma India, Panchgani huko? Nikasubiri utangulizi uishe. Bibi harusi akaachwa na mchumba, akalia, akapanda ndege peke yake kwenda Paris kwenye fungate yake. Ilikuwa Queen ya Kihindi, ya 2014, Kangana Ranaut.

Nikataka kuchomoa. Thubutu! Mamkwe kaacha mchele, mke wangu kaacha Waturuki, watoto wametoka vyumbani. Nyumba iliyoshindwa kukaa dakika kumi na mbili na mzaliwa wa Unguja ilikaa saa mbili na zaidi na bibi harusi wa Delhi, na mwishoni mamkwe akanishika bega. "Leo umetuletea kitu, baba."

Nikarudi kwa kijana. "Siyo hiyo. Ile ya wazungu na gitaa."

"Aaah! Ungesema mapema, mzee."

Akanipa Queen of Katwe. Uganda, mtoto wa kike anacheza sataranji. Filamu nzuri, Lupita Nyong'o yumo, nyumba ikalia tena. Niliporudi tena nikamwandikia jina kwenye karatasi kwa herufi kubwa, na sura ya Freddie nikamchorea pembeni, na masharubu. Akaichukua karatasi, akaitazama sana, akanipa makala ya mazishi ya Malkia Elizabeth.

Kuna shemeji yangu, kaka wa mke wangu, yuko Maskati. Huyu kila kitu kwao kinafika. Ile filamu ya Montreal, iliyopigwa kwa usiku mbili, tarehe 24 na 25 Novemba 1981, ilirudishwa kwenye sinema za IMAX Januari 2024, ukuta wa picha mrefu kama ghorofa, halafu Mei ikaingia Disney+. Shemeji akaniambia anayo kwenye TV yake ya sebuleni. Nikamwambia, nipigie video, ielekeze simu kwenye kioo.

Akaelekeza. Kwa hiyo onyesho lililotengenezwa litazamwe kwenye ukuta wa IMAX nikaliona kwenye simu yenye ufa, nusu ya kioo kikiwa dole gumba la shemeji. Freddie aliyekuwa bado mwembamba, masharubu mapya, sauti imo ndani ya koo bado haijaguswa na ugonjwa wala uchovu. Wallahi nilimsikia. Kisha akapita mtoto na baiskeli. Kisha akapita mkewe na sinia la halua. Shemeji akasimamisha filamu aniulize kodi ya shamba la Bububu nimemkusanyia kiasi gani, na hapo mtandao, ambao ulikuwa mzuri usiku kucha, haukukatika.

Mwisho akaona haya, akaniahidi: akija Idi ananiletea diski, Wembley na Budapest. Budapest ndiyo ninayoitaka zaidi. Tarehe 27 Julai 1986, uwanja wa Népstadion, Freddie anawaimbia Wahungari wimbo wao wa kienyeji, na maneno kayaandika kiganjani, anachungulia kama mtoto anayeibia mtihani. Uwanja mzima unalipuka. Na mimi hapo ndipo donge linaponikaa. Wahungari wameimbiwa chao. Afrika bendi ilifika 1984, ilifika Sun City, Afrika Kusini, enzi za ubaguzi wa rangi, mpaka dunia ikawalaumu na Umoja wa Mataifa ukawaweka kwenye orodha yake ya wasanii waliokiuka mgomo wa kutokwenda kutumbuiza huko. Njia ya kwenda huko waliiona. Ya Unguja haikuwa na kibao.

Idi imefika, shemeji kafika, diski hizi hapa mezani, hazijafunguliwa. Ya kuchezea ndiyo sina. Deki yetu tuliitoa siku nyingi, na TV mpya haina hata tundu la zile waya za rangi tatu. Nimeuliza dukani, kijana akaita wenzake waje wanitazame. Mamkwe kwa upande wake anauliza ile Queen ya Kihindi ina sehemu ya pili au haina.

Kwa hiyo aliye na deki inayosoma diski, hata kama mlango wake haufunguki mpaka uupige kofi, anijulishe. Mimi ni fundi, nitaufungua. Nakubali kubadilishana na friji, zima, linagandisha, ila mwenye kulichukua aje usiku na asilipitishe mlango wa mbele, kwa sababu mwenyewe hukaa pale barazani na ungo wake.